KIPYA KINYEMI: HISTORIA YA UBISHI WA SAUTI

Ndugu msomaji, kama una umri kama wangu, yaani miaka ishirini na ushei, basi ubishi huu umekwisha kuusikia, na pengine wewe mwenyewe ndiye huwa unauchochea. Mtu kanunua kishikwambi kipya, toleo la juzijuzi. Mwenzake anacho cha toleo la nyuma yake. Vinawekwa mezani bega kwa bega, unapigwa wimbo mmoja kwa zamu, halafu kijiwe kizima kinagawanyika. Huyu anaapa kwamba kipya besi inagonga, na kile cha zamani kinalia kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Yule anasema hamna kitu, kipya kimekonda na bei ndiyo iliyonenepa. Wa tatu, ambaye mara nyingi hana hata kimoja, anaingiza mambo ya prosesa na memori. Giza linaingia, na hakuna aliyeshinda.

Mimi si fundi. Nimeishia kidato cha nne, nina muswada wa riwaya ambao haujakwisha, na mapenzi yangu makubwa ni historia. Kwa hiyo ubishi huu ulipozidi mtaani kwetu, mimi niliugeukia nyuma. Nilitaka kujua umeanza lini, nani waliubishia kabla yetu, na waliubishia nini hasa. Nilichokiona ni kwamba ubishi huu una umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba kila kizazi kimeuliza swali lilelile: "Je, hiki kipya kinalia vizuri kuliko cha zamani?" Swali si baya. Lakini nitajaribu kuonyesha kwamba pembeni yake daima lilikaa swali jingine, tena zito zaidi, ambalo wabishi wengi walilipita bila kulisalimu.

Tuanzie Marekani. Mwaka 1877 Thomas Edison aliunda fonografu, mashine ya kwanza iliyoweza kuchukua sauti ya binadamu na kuirudisha. Ilichora sauti juu ya karatasi nyembamba ya bati iliyozungushwa kwenye mche wa duara. Haikulia vizuri, lakini nani angejali? Sauti iliyokwisha kutamkwa ilikuwa imerudi! Miaka ikapita, wakaja washindani wenye santuri bapa, na kufikia 1915 kampuni ya Edison ilikuwa inauza mashine mpya ikidai kwamba sauti yake haitofautiani na ya mtu aliye hai. Kuthibitisha, ikaanza kufanya maonyesho kwenye kumbi za miji mbalimbali. Mwimbaji alisimama jukwaani kando ya mashine. Wakaimba pamoja, yeye na santuri yake. Ghafla mwimbaji akafunga mdomo, mashine ikaendelea peke yake. Wakati mwingine taa zilizimwa, na zilipowashwa watu wakakuta mwimbaji keshaondoka. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Sasa sikia. Mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba alikuwa akiipunguza sauti yake ili ilingane na ya mashine. Yaani mashine haikupanda ikamfikia binadamu. Binadamu ndiye aliyeshuka akaifuata mashine! Nilipolisoma jambo hili nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwani sisi tunapobishana kijiweni, si masikio yetu pia yamekwisha kushushwa? Tunalinganisha kishikwambi na kishikwambi. Hakuna anayeleta ngoma halisi mezani.

Mwaka 1925 ulikuwa mwaka wa mapinduzi. Kabla ya hapo kurekodi kulifanyika kwa pembe kubwa la bati: unaimba kwenye pembe, mtetemo unaisukuma sindano, sindano inachora nta. Mwaka huo kampuni kubwa za santuri zikaanza kutumia kipaza sauti na umeme. Mwaka huohuo pia, wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, wakaeleza muundo wa spika yenye koili inayosukuma karatasi ya duara. Msomaji, muundo huo ndio uliomo hadi leo ndani ya spika nyingi tunazozijua, kuanzia zile za kwenye harusi hadi zile ndogo kama ukucha zilizofichwa ndani ya kishikwambi chako. Tumebadilisha kila kitu, ila hilo bado tunalo.

Je, watu walishangilia? Wengi ndiyo, wengine la. Uingereza kulikuwa na jarida lililoitwa The Gramophone, lililoanzishwa mwaka 1923 na mtu aitwaye Compton Mackenzie. Nimefurahi sana kumjua bwana huyu, kwa sababu kazi yake hasa ilikuwa kuandika riwaya. Mwandishi wa riwaya akaanzisha jarida la kujadili sauti ya mashine! Basi sauti ya umeme ilipoingia, Mackenzie alikuwa miongoni mwa waliolalamika: ni kali, inakwaruza, herufi "s" inapiga mluzi. Baadaye aliizoea, kama walivyoizoea wengine. Lakini malalamiko yake ukiyaondoa tarehe, ungedhani yameandikwa jana na jamaa aliyenunua kishikwambi kipya na sasa anajuta.

Wakati wao wakibishana, kwetu huku kulitokea jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote. Mwaka 1928 mwanamke wa Unguja, mzaliwa wa Fumba, aliyewahi kuuza vyungu, alisafiri kwa meli pamoja na wenzake mpaka Bombay, India, kwenda kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Huyo ni Siti binti Saad, yuleyule ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Santuri ya siku zile ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Taarabu haikuwa na haraka hiyo. Ililazimika kukatwa ili ienee kwenye sahani. Hapo tena binadamu akaifuata mashine.

Lakini hebu tupime. Sauti ya santuri zile ilikuwa na mikwaruzo, imebanwa, na imekatwa dakika. Ukiziweka mezani kwenye kijiwe chetu zingechekwa. Hata hivyo, sauti ya Siti ipo. Alifariki mwaka 1950, na leo bado inawezekana kumsikia akiimba Kiswahili cha Unguja kwa kinywa chake mwenyewe. Waimbaji wangapi waliomtangulia hatuwasikii? Hatuwezi kuwabishania hata ubora wao, maana hakuna cha kuweka mezani. Tangu niliposoma habari za Siti, lile swali la pili lilinijia wazi: si kwamba chombo kinalia vipi tu, bali kimemsikiliza nani.

Twende mbele. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilionyesha mjini Berlin kitu kidogo cha plastiki chenye utepe mwembamba ndani: kaseti. Kwa upande wa sauti, ilikuwa ni kurudi nyuma. Utepe ulipita polepole na ukatoa mvumo kama wa mvua ya mbali. Wapenzi wa santuri kubwa waliidharau. Mpaka akaja Ray Dolby na ufundi wake wa kupunguza ule mvumo, kaseti ilihesabiwa kuwa chombo cha kusemea tu, si cha muziki. Lakini kaseti ilikuwa na kitufe chekundu. Santuri ilikupa ruhusa ya kusikiliza. Kaseti ilikupa ruhusa ya kusema. Wazazi wetu walirekodi harusi, mawaidha, barua za sauti kwa ndugu walio mbali, na taarabu za ukumbini. Utepe ukilegea uliurudisha kwa kalamu ya Bic, maisha yakaendelea. Chombo chenye sauti hafifu kikashinda dunia nzima, kwa sababu kilisikiliza watu ambao studio isingewafungulia mlango.

Oktoba 1982 ikaanza kuuzwa Japani mashine ya kwanza ya CD. Hapa sauti ikageuzwa kuwa hesabu: inapimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Hakuna mvumo, hakuna mkwaruzo. Wakashangilia walioshangilia, na wakalalamika waliolalamika kwamba sauti ni baridi, haina joto la santuri. Lakini msomaji angalia: kwa miaka yake ya mwanzo, CD ya nyumbani haikuwa na kitufe chekundu. Ndiyo maana kaseti haikufa upesi. Iliendelea kuishi na kilichokuwa bora kuliko yenyewe.

Kisha ikaja MP3, kazi ya wataalamu wa Kijerumani akiwemo Karlheinz Brandenburg, na jina hilo la faili likachaguliwa mwaka 1995. Hesabu ya CD kwa sekunde moja, pande mbili za stereo, ni biti 1,411,200. MP3 ya kawaida ya enzi zile ilitumia 128,000, yaani pungufu ya moja ya kumi. Zilizobaki zilitupwa, kwa nadharia kwamba sikio halizihitaji: sauti kubwa ikilia, sikio haliisikii ndogo iliyo kando yake. Brandenburg, ili aujaribu ufundi wake, alisikiliza tena na tena wimbo wa Suzanne Vega uitwao Tom's Diner, kwa kuwa mwanamama yule anaimba peke yake bila ala, na sauti tupu ya binadamu ndiyo inayofichua dosari upesi kuliko ngoma na magitaa. Lishike jambo hili, nitalirudia: kipimo kigumu cha mashine yoyote ni mtu mmoja anayesema peke yake.

Sasa tumefika kwenye vishikwambi vyenyewe. Nitachukua mfano wa iPad, si kwa kuipigia debe, ila kwa sababu matoleo yake yameandikwa vizuri, na anayependa historia hupenda kitu chenye tarehe. Ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani Aprili 2010, unene wake milimita 13.4. Mwaka uliofuata, iPad 2, milimita 8.8. Mwaka 2013, iPad Air, 7.5. Mwaka 2014, iPad Air 2, milimita 6.1 tu. Kila mara walimwengu walipiga makofi kwa wembamba, kama walivyopiga makofi kwenye kumbi za Edison.

Lakini besi ni hewa, bwana. Sauti nzito ni hewa nyingi inayosukumwa polepole, na spika ndogo husukuma hewa kidogo. Tena spika inahitaji chumba nyuma yake, maana mawimbi ya nyuma yakikutana na ya mbele yanauana. Wahenga walisema debe tupu haliachi kutika. Walikuwa wanawasema watu wenye maneno mengi, lakini kifizikia pia walipatia. Ndiyo maana redio za mbao za babu zetu zilinguruma: ndani yake mlikuwa na uwazi wa kutosha paka kulala. Ukikipunguza chombo mpaka milimita 6, uwazi huo unautoa wapi? Wengi waliokikagua kile cha mwaka 2014 waliandika kwamba ukifungulia muziki, mwili mzima wa chombo ulitetema mikononi. Wapo waliosema ni kasoro, wapo waliosema unajisikia kama umeshika muziki wenyewe. Ubishi mtamu!

Novemba 2015 ikaja iPad Pro kubwa yenye spika nne. Wahandisi walichonga vyumba vya spika ndani ya bodi lenyewe la alumini, na kampuni ikatangaza kwamba nafasi ya hewa nyuma ya spika imeongezeka kwa asilimia 61. Halafu wakaiingiza kompyuta kazini. Spika zote nne zinatoa besi, lakini sauti nyembamba zinatoka kwenye mbili zilizo juu. Ukikigeuza kishikwambi, "juu" nayo inahama. Hapo ndipo yule jamaa wa kijiweni anayeingiza prosesa kwenye habari za sauti anapokuwa na haki yake. Siku hizi ubora wa sauti haumo kwenye spika peke yake. Prosesa inaichunga spika isipate joto kupita kiasi wala kujitupa mbali ikaharibika, na inaisukuma mpaka ukingoni mwa uwezo wake. Inautumia hata ubongo wako: ukisikia zile sauti za juu ambazo kwa kawaida hufuatana na sauti fulani nzito, ubongo huijaza ile nzito mwenyewe, hata kama spika haikuitoa. Kwa hiyo mtu anayesema "kipya kina besi" na mtu anayesema "besi hiyo haipo" wanaweza kuwa sahihi wote wawili, wakiwa wamekaa kwenye benchi moja.

Na wenye vipya wana hoja nyingine ambayo haipingiki. Chombo cha zamani kinaachwa njiani. iPad ile ya 2010 ilikuwa na memori ya megabaiti 256, na kufikia 2012 toleo jipya la mfumo wake halikuipokea tena. Spika nzima, kioo kizima, lakini programu mpya zinakataa kuingia. Santuri haikuwa na tabia hiyo. Santuri ya mwaka 1928, ukipata mashine na sindano, inalia leo.

Ubishi wa kisasa nilioupenda zaidi ni ule ulioanza Oktoba 2022, ilipotoka iPad ya kizazi cha kumi huku ya kizazi cha tisa ikiendelea kuuzwa hadi Mei 2024. Dukani Marekani ya tisa ilianzia dola 329, ya kumi dola 449. Ya tisa ina spika mbili, lakini zote ziko upande mmoja wa chini, kwa hiyo ukikilaza chombo utazame filamu, sauti inatokea kushoto tu au kulia tu. Ya kumi imeweka spika ncha hii na ncha hii, ukakipata kile kinachoitwa stereo. Ya kumi pia ina prosesa ya kasi zaidi. Mpaka hapo kipya kimeshinda, tena kwa mabao mengi. Lakini ya tisa ilikuwa na tundu la mviringo la hedifoni. Ya kumi haina.

Tundu lile lina ukoo wake. Lilitokana na matundu ya mitambo ya simu ya karne ya 19, ambapo wahudumu walichomeka waya kuunganisha mtu na mtu. Likapunguzwa hadi milimita 3.5 kwa ajili ya redio ndogo, likapata umaarufu na Walkman ya mwaka 1979, na likakaa katika kila kitu chenye sauti kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Apple walipoliondoa kwenye simu ya iPhone 7, kiongozi wao mmoja jukwaani alilitaja neno ujasiri. Mwaka 2018 likaondolewa kwenye iPad Pro. Watu wengi walililia kama tundu la kusikilizia. Wachache walikumbuka kwamba lilikuwa pia tundu la kusemea: maiki ndogo ya waya, ile ya kubana kwenye nguo, ilichomekwa humohumo.

Hapa niseme kwa nini habari hii inanihusu mimi na si Wamarekani tu. Huku Tanzania vishikwambi viliingia kwa wingi na sensa ya Agosti 2022. Makarani walivitumia, kisha vikagawiwa kwa walimu. Neno lenyewe likatoka kwenye kamusi likaingia sebuleni. Sasa kikundi chetu cha waandishi, tuko tisa, tuliamua kurekodi ngano na nyimbo za wazee wa mtaani kabla hazijazikwa. Si maneno ya kupamba, ni jambo lililotokea: mwaka jana alifariki mzee aliyejua nyimbo za wavuvi za kuvuta juya, na zile ambazo hakumfundisha mtu ameondoka nazo. Tulichanga hela ya kutosha chombo kimoja. Kimoja tu. Wenzetu watano walitaka kipya: kina spika nzuri, kina kasi, na hakitaachwa njiani upesi. Wanne tulitaka kilichotumika, cha nyuma yake, chenye tundu, kwa sababu maiki ya waya tulikuwa nayo tayari. Tulibishana wiki mbili. Kuna waliosusa.

Mwisho tukakubaliana tuazime vyote viwili, twende kwa bibi mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, msimuliaji hodari. Tulimwamkia, tukaomba radhi kwa usumbufu, tukamweleza. Akasema, "Wajukuu zangu, mimi nitasema mara moja, nyie na madude yenu mtajua wenyewe." Tukarekodi kwa vyote kwa wakati mmoja. Kipya kilitumia maiki yake ya ndani, kikiwa juu ya stuli. Cha zamani kilitumia ile maiki ya waya, tumeibana kwenye kanga yake karibu na shingo.

Tulisikiliza kwanza kwa spika za vyombo vyenyewe, na kipya kikashinda. Wale watano wakatabasamu. Kisha mmoja wetu akahamisha faili zote mbili kwenye kompyuta, tukasikiliza kwa hedifoni. Cha kipya kilikuwa na feni, pikipiki, jirani anayetwanga, na bibi kwa mbali. Cha zamani kilikuwa na bibi. Alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi kidogo kabla zimwi halijasema, na pumzi ile ilikuwemo. Kwa mtu anayejifunza kuandika riwaya, pumzi ile ni darasa zima: ndipo msikilizaji anapoogopa, kabla ya neno lolote.

Nisimpunje mtu. Maiki ya ndani dhidi ya maiki ya ndani, kipya kingeshinda. Adapta nayo ingeweza kuirudisha ile maiki ya waya kwenye chombo kipya, ingawa zile za bei rahisi si zote zinazopitisha sauti ya kuingia, na sisi hela zetu zilikuwa na mwisho. Ushindi haukuwa wa uzee wa chombo. Ulikuwa wa sentimita ishirini kati ya maiki na mdomo wa bibi. Tulinunua cha zamani, na mpaka sasa kina sauti za wazee kumi na mmoja. Siku kikikataa programu mpya, sauti zitahamishiwa kwingine. Nakala tunaweka tatu, sehemu tatu.

Kuna methali isemayo mchagua jembe si mkulima. Nimeisikia sana kutoka kwa watu wazima, hasa sisi vijana tunapolilia vyombo. Kwa sehemu ni kweli: Siti hakuchagua mashine ya kumrekodi, alifika akaimba. Lakini historia niliyoipitia inanionyesha upande wa pili pia. Mkulima hana budi kujua jembe lake ni la kulimia nini. Waliochagua kaseti mbele ya santuri na CD hawakuwa viziwi. Walijua wanataka kurekodi sauti zao wenyewe. Na mwenye kutaka kutazama filamu kitandani, akinunua kipya chenye spika nne, amechagua sawa, mwacheni astarehe.

Kwa hiyo ubishi uendelee, mimi siupingi. Naomba tu kijiwe kiongeze kipimo kimoja. Baada ya kupiga wimbo uleule kwenye vyombo viwili, vizimeni vyote. Mwiteni mtu mmoja aseme peke yake dakika tatu, kama santuri ya zamani: mama muuza vitumbua, fundi cherehani, mzee wa bao. Rekodini kwa vyote viwili, halafu sikilizeni ni kipi kilichomsikia vizuri. Na mtakapomaliza kubishana msiifute sauti ile. Andikeni jina, mahali na tarehe, muiweke. Nyimbo za yule mzee wa juya hazirekodiki tena kwa chombo chochote, kipya wala cha zamani, lakini mzee wa bao bado yupo barazani. Kazi kwetu.